Maneno ya Kiingereza ya Kugeuka Umbo

Mtu akisimama mlangoni pa karakana kwa muda wa saa moja tu, ataona mambo mengi yakigeuka umbo mbele ya macho yake. Mhunzi atia chuma motoni, nacho chalainika. Akikipiga kwa nyundo juu ya fuawe, mara chawa bapa, mara chapinda, mara chanyoka tena. Seremala aliye jirani yake autazama ubao aliouacha juani jana, aona umepindana, haufai tena kwa meza. Ng'ambo ya njia mfinyanzi afinyanga udongo. Na chungu alichokifanya juzi kimekauka, nacho kimepungua kidogo kuliko kilivyokuwa kilipokuwa kibichi. Nyuma ya nyumba, jikoni, samli yayeyuka katika sufuria, unga wa maandazi waumuka, na mchicha wanywea ukipata moto.

Kiswahili kina neno kwa kila jambo katika hayo, wala mtoto aliyekulia katika lugha hiyo hapati taabu ya kulichagua. Lakini mwanafunzi anayejifunza Kiingereza mara nyingi huwa na neno moja au mawili tu. Husema ya kuwa chuma "changed", na ubao "changed", na samli "changed". Pengine sentensi zake hazina kosa la sarufi. Walakini anayesikiliza haoni kitu. Mwanafunzi huyo ni kama seremala mwenye nyundo tu, asiye na msumeno wala randa. Waingereza wana maneno mengi ya kugeuka umbo, na kila neno lina kazi yake. Somo hili laeleza yaliyo makubwa, na njia ya kuyatumia bila kukosea.

1. Kupinda na kukunja

Chukua waya mwembamba, uupinde kwa vidole: hapo Mwingereza husema "bend". Kisha chukua karatasi, uulaze upande mmoja juu ya upande wa pili, ukaukaze mkunjo kwa ukucha: hapo husema "fold". Tofauti ni hii: kitu kilichofanyiwa "bend" kimeacha kunyoka, lakini sehemu zake hazikulaliana; kitu kilichofanyiwa "fold" kina sehemu iliyolala juu ya sehemu nyingine.

Taabu ya mwanafunzi hutoka katika neno moja la Kiswahili, nalo ni kukunja. Mtu hukunja nguo, hukunja goti, hukunja mkeka, hukunja ngumi, tena hukunja uso. Neno ni lile lile moja, wala hapana msikilizaji anayepotea. Mwingereza hawezi kufanya hivyo. Kwa nguo husema "fold". Kwa goti husema "bend". Kwa mkeka husema "roll up", maana mkeka huzungushwa kama gurudumu. Kwa ngumi husema "clench". Na kwa uso husema "frown". Mwanafunzi akiandika ya kuwa mgonjwa "folded his knee", msomaji atafikiri goti la mgonjwa limekuwa kama shuka.

Tena maneno haya mawili yaweza kutumika kwa kiungo kimoja, na maana yakawa mbalimbali. Mwalimu wa mazoezi ya viungo akisema "Bend your arms", wanafunzi wakunje mikono penye viwiko. Akisema "Fold your arms", waikutanishe mikono kifuani, mmoja juu ya mwingine. Asiyejua tofauti atafanya jambo jingine mbele ya wenzake wote.

2. Neno moja laweza kuokoa au kuponza

Pengine mtu atasema, "Hayo ni mambo madogo, kosa likitokea watu watacheka, kisha yatakwisha." Si hivyo sikuzote. Tuseme kwamba mtoto ameanguka mwembeni, na shule iko mbali na hospitali. Mwalimu aandika barua fupi kwa Kiingereza, na mjumbe aipeleka mbele kwa baisikeli, ili daktari ajue kitu gani kinamjia. Akiandika "His arm is swollen", daktari ataelewa ya kuwa mkono umevimba. Uvimbe una sababu nyingi: pigo, jipu, hata mwiba wa nyuki. Akiandika "He has twisted his wrist", daktari ataelewa ya kuwa kiungo cha kiganja kimeteguka. Lakini akiandika "His arm is bent between the elbow and the wrist", daktari atajua mara moja ya kuwa mfupa wenyewe umedhurika, maana hapo kati hapana kiungo. Mkono haupindi hapo ila kwa mfupa. Mifupa ya watoto ni laini kuliko ya watu wazima, nayo yaweza kupinda na kuvunjika upande mmoja tu, kama kijiti kibichi. Basi daktari ataweka tayari mabanzi ya kufungia mkono kabla mtoto hajafika. Maneno matatu, "swollen", "twisted" na "bent", yote ni ya kugeuka umbo. Lakini kila moja lamwita daktari kwa kazi nyingine.

Mfano mwingine ni mikebe ya nyama na samaki inayouzwa dukani. Mkebe ukianguka ukabonyea, Mwingereza husema ni "dented". Mkebe ukivimba wenyewe, kifuniko kikabenuka kwa nje, husema ni "bulging". Mkebe uliobonyea kidogo huenda chakula chake kikawa kizima, kama haukutoboka wala haukubonyea penye mshono. Lakini mkebe uliobenuka ni wa kutupwa, wala chakula chake kisionjwe hata kidogo. Maana vijidudu visivyoonekana vimeingia au vimebaki ndani, vikafanya hewa, na hewa hiyo ndiyo inayosukuma kifuniko. Sumu yake yaweza kuua. Basi mtu akisoma onyo lililoandikwa "Do not eat from bulging tins", naye adhani "bulging" na "dented" ni mamoja, atatupa chakula kizuri, au, lililo baya zaidi, atakula kibaya.

3. Nani afanyaye kazi?

Kiswahili huonyesha kwa mwisho wa neno kama kitu kimefanyiwa kazi au kimegeuka chenyewe. Mhunzi hunyosha chuma, na chuma hunyoka. Moto huyeyusha nta, na nta huyeyuka. Mtoto huvunja kijiti, na kijiti huvunjika. Sikio hulisikia jambo hilo kabla ya sentensi kwisha.

Kiingereza, kwa maneno mengi ya kugeuka umbo, hakigeuzi neno hata kidogo. Husemwa "The boy bent the wire", yaani mtoto aliupinda waya. Tena husemwa "The wire bent", yaani waya ulipinda. Neno ni lile lile "bent". Kinachomwonyesha msomaji ni mahali pa maneno: jina likifuata nyuma ya kitendo, jina hilo ndilo linalofanyiwa kazi, pasipo jina nyuma yake, kitu kimegeuka chenyewe. Ndivyo yalivyo pia maneno "melt", "stretch", "fold", "twist", "shrink" na "crumple".

Mwanafunzi aliyezoea Kiswahili hutafuta mwisho wa neno, asipouona huongeza "was" ili moyo wake utulie. Huandika "The wire was bent" akitaka kusema waya ulipinda. Sentensi hiyo si kosa, lakini maana yake ni nyingine. "The wire bent" ni waya ulipinda, yaani jambo lilitokea wakati ule. "The wire was bent" ni waya ulikuwa umepinda, yaani ndivyo ulivyoonekana. "The wire was bent by the boy" ni waya ulipindwa na mtoto. Ni vizuri kuzisoma sentensi hizo tatu kwa sauti mara nyingi, mpaka zizoeleke.

Kuna na maneno yasiyokubali mwendo huo. "Crush" ni kuponda. Waingereza husema "The stone crushed the egg", lakini hawasemi "The egg crushed". Ni lazima waseme "The egg was crushed", maana yai halijipondi. Hapo aliyeongeza "was" amefanya vema.

4. Maneno yaliyoshika desturi ya kale

Maneno mengi ya Kiingereza hutia "ed" mwishoni kuonyesha wakati uliopita: "fold" huwa "folded", na "stretch" huwa "stretched". Lakini maneno ya kale ya lugha hiyo yalikuwa na desturi nyingine, nayo ni kugeuza sauti iliyo katikati ya neno. Baadhi yake yameshika desturi hiyo mpaka leo. "Shrink" huwa "shrank", kisha "shrunk". "Swell" huwa "swelled", lakini mguu uliovimba huitwa "swollen". Hapo neno moja lina mguu mmoja katika desturi mpya na mguu wa pili katika desturi ya kale.

"Melt" ni mfano mzuri zaidi. Zamani lilikuwa neno la kugeuza sauti ya katikati. Sasa husemwa "melted" tu. Walakini umbo la kale "molten" halikufa. Limebaki kwa madini na mawe yaliyoyeyuka kwa moto mkali sana. Chuma kilichoyeyuka ni "molten iron", na mawe yaliyoyeyuka tumboni mwa mlima wa moto ni "molten rock". Siagi iliyoyeyuka ni "melted butter". Asiseme mtu "molten butter" mezani, asije akaogopesha wageni.

Neno "shrink" lastahili kutazamwa na mtoto yeyote aliyepata kununuliwa kanzu ikambana baada ya kufuliwa. Kwa Kiingereza kanzu hiyo "has shrunk". Kwa Kiswahili kanzu imerudi, na neno hilo laeleza sababu yenyewe. Nyuzi za pamba huvutwa sana nguo inapofumwa. Nguo ikiloweshwa maji, nyuzi hulegea na kurudi katika urefu wake wa kwanza. Kwa hiyo mshonaji mwenye akili huiloweka nguo mpya kabla ya kuikata.

5. Mwisho wa "en" na mwanzo wa "un"

Kiswahili hufanya vitendo kwa kutumia maneno ya sifa: kitu kirefu hurefuka, kifupi hufupika, na kipana hupanuka. Kiingereza nacho hufanya hivyo kwa kutia "en" mwishoni. Kutoka "flat" hutoka "flatten", kufanya bapa au kuwa bapa. Kutoka "straight" hutoka "straighten", kunyosha au kunyoka. Kutoka "wide" hutoka "widen", kupanua au kupanuka. Hali kadhalika "shorten", "thicken" na "sharpen".

Lakini "en" hachezi na kila mtu. Hupenda maneno mafupi yenye sauti kavu mwishoni, kama sauti za t, d, k na p. Hakubali sauti laini kama n na l, wala maneno yanayoishia kwa irabu. Kwa hiyo hapana neno "smallen", wala "thinnen", wala "narrowen". Vitu vyembamba huwa "thin" au "narrow" pasipo kuongezwa neno. Na "long" halikubali "longen". Kitendo hutoka katika jina lake "length", likawa "lengthen". Kitu kikubwa, "large", hutiwa "en" mbele badala ya nyuma, kikawa "enlarge".

Kwa kutangua kazi iliyofanywa, Kiswahili hubadili mwisho wa neno: aliyekunja hukunjua, aliyesokota kamba huisokotoa. Kiingereza hutia "un" mbele: "fold" na "unfold", "roll" na "unroll", "twist" na "untwist". Lakini katika lugha zote mbili kutangua kuna mpaka wake. Mikono huweza kukunjua barua iliyokunjwa, lakini hapana mkono uwezao kutangua uvimbe. Kwa hiyo hapana neno "unswell" wala "unshrink" katika maneno ya kila siku. Uvimbe ukinywea, Mwingereza husema "The swelling has gone down".

Hapo pana shimo la kujihadhari nalo. Mwanafunzi asidhani ya kuwa kupindua ni kutangua kilichopinda. Kupindua ni kugeuza juu chini, kama mtumbwi uliopinduliwa na wimbi. Hilo kwa Kiingereza ni "overturn". Waya uliopinda hunyoshwa, nako ni "straighten".

6. Jamaa mbili za maneno

Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy iliyo kaskazini ya Ufaransa, alivuka bahari akaishinda Uingereza. Tangu hapo, kwa muda wa miaka mingi, wakubwa wa nchi walisema Kifaransa, na wakulima walisema Kiingereza. Kifaransa chenyewe ni mtoto wa Kilatini. Na baadaye wataalamu wa Uingereza walichukua maneno mengi kutoka Kilatini chenyewe kwa vitabu vyao. Ndiyo sababu Kiingereza kina jamaa mbili za maneno, la nyumbani na la ugenini, kama Kiswahili kilivyo na kuwaza, neno la Kibantu, na kufikiri, neno lililotoka Kiarabu.

Katika mambo ya kugeuka umbo jamaa hizo mbili huonekana wazi. "Swell" na "shrink" ni maneno ya nyumbani: hutumika kwa mguu, kwa mto uliojaa, kwa nguo, kwa mbao. "Expand" na "contract" ni maneno ya Kilatini: la kwanza maana yake ya asili ni kutandaza nje, la pili ni kuvuta pamoja. Hayo hutumika katika vitabu vya elimu na katika kazi za mafundi.

Chuma kikipata joto hutanuka, nacho ni "expand". Reli ya chuma yenye urefu wa mita 10, joto likiongezeka kwa digrii 30, hurefuka karibu milimita 3 na nusu. Ni kidogo sana, lakini nguvu yake ni kubwa. Kwa hiyo mafundi wa reli za namna ya zamani waliacha nafasi nyembamba kati ya kila reli na mwenzake, ili katika jua la adhuhuri zisisukumane na kupinda. Usiku chuma hupoa na kurudi, nako ni "contract". Mhandisi hataandika ya kuwa reli "swelled", kama vile daktari hataandika ya kuwa jipu "expanded".

Maji yana tabia ya peke yake. Yakiganda kuwa barafu hayapungui, bali huongezeka: vikombe 100 vya maji hufanya karibu vikombe 109 vya barafu. Juu ya Kilimanjaro maji huingia katika nyufa za mawe mchana. Usiku huganda, yakatanuka, yakayapasua mawe kidogo kidogo.

Tena kuna jambo la matamshi. "Contract", sauti ikikazwa mwishoni, ni kitendo cha kupungua. Sauti ikikazwa mwanzoni, ni jina, nalo maana yake mkataba. Herufi ni zile zile. Sikio ndilo linalohukumu.

7. Maneno mawili yaliyozaliwa na silaha moja

Watu wengi hutumia maneno bila kujua yalikotoka, kama mtu anywaye maji asiyejua chemchemi. "Dent", lile la mkebe uliobonyea, lilikuwa hapo kale neno la pigo. Waingereza waliliita alama kwa jina la kipigo kilichoifanya. "Warp", ambalo ni kupindana kwa ubao uliokauka upande mmoja kuliko wa pili, latoka katika neno la kale lililokuwa na maana ya kutupa. Neno hilo hilo ndilo jina la nyuzi za mtande katika ufumaji.

Na "bend" je? Katika Kiingereza cha kale neno hilo lilikuwa na maana ya kufunga, na hasa kuutia upinde kamba yake mpaka mti wake ukazunguka. Baadaye watu walisahau kamba, wakakumbuka umbo la mti. Na kila kitu kilichoacha kunyoka kikaitwa "bent". Sasa mwanafunzi na autazame upinde kwa Kiswahili: jina lake latoka katika kupinda. Waswahili walitazama kitendo wakaiita silaha kwa jina lake. Waingereza walitazama silaha wakakiita kitendo kwa kazi yake. Watu hao walikaa mbali wala hawakujuana, lakini walipotafuta mfano wa kitu kilichopinda, wote walikumbuka silaha moja.

8. Maneno ya vitu na maneno ya moyo

Maneno haya hayaishii katika chuma na nguo. Mtu akiacha kazi yake kwa woga, Waingereza husema "He shrank from it", kana kwamba mwili wake umejikunyata. Mtu akitia chumvi katika habari zake, husema "He stretched the truth", yaani ameivuta kweli kama ngozi ya ngoma mpaka ikafika isipofika. Mtu akichukua maneno ya mwenzake akayageuza maana ili amdhuru, husema "He twisted my words". Na mtu mwaminifu huitwa "straight", kama vile kwa Kiswahili husemwa kwamba amenyoka.

Katika hayo pana fundisho kwa kila anayejifunza lugha ya pili. Anayetafsiri barazani au hospitalini amechukua maneno ya mtu mwingine mikononi mwake. Neno lisilo lake akiliweka kwa uvivu, ameyapotoa maneno ya mwenzake ingawa hakukusudia, na aliyeyasema hana njia ya kujua. Kwa hiyo kuchagua kati ya "bend" na "fold" si mchezo wa darasani tu. Ni mazoezi ya uaminifu.

Wazee husema, "Samaki mkunje angali mbichi." Samaki mbichi hukunjwa akakubali, samaki mkavu akikunjwa huvunjika. Ulimi nao ni hivyo. Mtoto akiuzoeza maneno sahihi mapema, utamtii; akingoja mpaka makosa yamekauka mdomoni mwake, atapata taabu kuyanyosha. Na mwanafunzi aliyelisoma somo hili mpaka hapa ajiulize: katika methali hiyo, Mwingereza angesema "fold" au "bend"?

Maswali

1. Taja vitu vitano ambavyo Waswahili husema hukunjwa, kisha useme Kiingereza hutumia neno gani kwa kila kimoja.
2. Eleza tofauti ya sentensi hizi: "The wire bent", "The wire was bent", "The wire was bent by the boy".
3. Kwa nini mkebe wa samaki uliobenuka ni wa kuogopwa kuliko uliobonyea?
4. Kwa nini mafundi wa reli za zamani waliacha nafasi kati ya reli? Andika jibu lako, ukitumia maneno "expand" na "contract" mahali pake.
5. Tafuta maneno manne ya sifa ya Kiingereza yanayokubali "en" mwishoni, na mawili yasiyokubali. Sauti zao za mwisho ni zipi?
6. Keti karibu na fundi yeyote kwa muda wa nusu saa. Andika kila jambo uonalo likigeuka umbo, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, wala usitumie neno "change" hata mara moja.